Mtani wangu alivyoliweka gari langu juu ya mawe msibani Mbagala, kisa diski za breki

Wakuu, salamu zenu. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu marahaba hata kama hamjaniamkia.

Haya ninayoandika yalinikuta mwenyewe, mie na gari langu na mama yangu mzazi. Pale ambapo sikumbuki nitasema sikumbuki. Kwa umri huu nimdanganye nani, nipate nini.

Naandika kwa kidole kimoja, taratibu. Shule yangu iliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikuwa mguu mmoja ndani mwingine nje, kwa hiyo mkiona nukta imekaa pasipo pake nyie ipiteni tu.

Kilichonitoa ni kijana mmoja humu ndani. Juzi kauliza: ana gari la zamani, breki zinapiga kelele, je anaweza kuweka pedi mpya peke yake, diski akaziacha zile zile?

Mkamjibu wengi. "Weka pedi tu braza, diski ni chuma, chuma hakiishi."

Mie nikasema hapana. Leo naandika.

Kwa ambao hamjawahi kuinama kuangalia chini ya gari: diski ni lile sahani la chuma linalozunguka pamoja na tairi. Pedi ni vile vibao viwili vinavyolibana sahani unapokanyaga breki. Basi. Hiyo ndiyo breki ya mbele, hakuna uchawi mwingine.

Sasa twende miaka ya tisini mwanzoni, wakati wa ruksa. Vijana mnaosikia neno ruksa mnadhani ni mzaha. Sie tuliotoka kwenye foleni ya sabuni tunajua lilikuwa nini. Ghafla madukani kuna vitu. Unaingia Kariakoo unakuta viatu vimepangwa mpaka barabarani, hujui uanze kutazama wapi. Mama yangu alipoona dawa ya meno ya rangi tatu alidhani ni peremende.

Mie nilikuwa naishi Temeke, na nilikuwa na stesheni wagoni ya Kifaransa. Ile ndefu, yenye safu tatu za viti, nyuma imebonyea kama bata anayetaka kukaa. Wazee wa mjini mshaijua, sina haja ya kuitaja. Niliipata kwa mwalimu mmoja wa Kichaga aliyekuwa anarudi kwao, akaona kule mlimani haitafika.

Gari lile ndilo lililonilisha. Nilikuwa nabeba watu wa harusi, masufuria ya shughuli, wagonjwa, magodoro ya watu wanaohama. Wagonjwa nilikuwa siwatozi. Wanaohama nilikuwa nawatoza, maana anayehama mara nyingi anamkimbia mtu.

Sasa kabla ya ruksa, spea hazikuwepo. Hazikuwepo kabisa, sio kwamba zilikuwa ghali. Pedi ikiisha unaikwangua, unabaki na kibao cha chuma, unampelekea fundi wa laining, yaani ule utando mgumu unaosugua diski. Yule fundi anachukua kipande cha laining ya lori, anakata kwa msumeno, anakitoboa, anakipigilia kwenye kile kibao kwa ribiti. Zile pini za chuma. Unafunga, unaondoka, unamshukuru Mungu.

Mafuta ya breki nayo hayakuwepo. Nisiwafiche, kuna watu walikuwa wanaweka maji ya sabuni. Mie pia niliwahi kuweka. Gari lilikuwa linasimama, tena kwa unyenyekevu.

Tabu yetu watu wa enzi ile ni moja. Shida ilipoisha, mazoea yalibaki. Pedi mpya za dukani zimejaa mtaa wa Gerezani kwa wauza spea, kwenye maboksi, na sie bado tunaenda kwa fundi wa laining! Tulikuwa tunaambizana kwamba zile za dukani ni za kuletwaletwa tu, zinayeyuka kama siagi, lakini ya lori inakaa. Na kweli laining ya lori inakaa. Ni ngumu kama jiwe. Ikiisha, inabaki ile ribiti, na ribiti ni chuma, nayo inakaa juu ya diski ikichimba kama mtu anayelima matuta.

Hilo mie sikulijua. Nilikuwa najua gari linalia, nikawa naongeza sauti ya redio.

Basi. Baba yangu mdogo akafariki, kule Mbagala. Mtu mzima, aliugua kwa muda, hakuna aliyeshangaa. Nikawapakia mama yangu na wanawake wengine wa ukoo wazee wazee, tukaenda kuzika.

Mama yangu wakati huo goti lilikuwa limemkatalia. Hawezi kupanda gari refu, hawezi kusimama, hawezi kubanana. Alikuwa anaingia gari langu tu, kiti cha mbele, mguu ameunyoosha. Na alikuwa anajivuna nalo, jamani. Ukimwambia Bi Mkubwa njoo tukupeleke, anakujibu, "Mwanangu ana gari." Hata kama mwanawe yuko chini ya hilo gari na spana mkononi.

Tukafika msibani. Nikakanyaga breki ili niegeshe, gari likapiga ukelele mmoja mrefu hadi waliokuwa wanalia wakanyamaza.

Jirani wa marehemu alikuwa amekaa kwenye benchi na wanaume. Anaitwa Mihayo, Mnyamwezi, fundi wa gereji moja ya uchochoroni kule Chang'ombe. Nilikuwa namfahamu kwa kusalimiana tu ninapokwenda kwa baba mdogo. Akanitazama nikishuka.

"Mzaramo, hizo breki zinakamata?"

"Zinakamata vizuri tu."

"Sijauliza kama zinakamata vizuri. Nauliza zinakamata nini. Maana hicho kilio ni cha chuma kwa chuma."

"Wewe umekuja kuzika au kusikiliza magari?"

"Nimekuja kuzika mmoja. Wewe naona umeleta wengine kwenye foleni."

Watu wakacheka kidogo, nami nikacheka. Kwa sababu Mihayo ni mtani wangu.

Hapa nisimame kidogo, maana humu kuna vijana waliozaliwa mjini na watu wa nchi za jirani. Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za misafara, wao wakishuka na mizigo kutoka bara, sie tukiwapokea pwani. Mtani anakwambia lolote. Anachukua kitu chako mbele ya macho yako. Msibani ndiyo kabisa, mtani anaweza kulala njiani jeneza lisipite mpaka apewe kitu, anaweza kumuigiza marehemu alivyokuwa anatembea, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Kile kitu alichokichukua unakikomboa, kwa kuku, kwa doti ya khanga, kwa chochote atakachotaka. Na ukimkasirikia mtani, aibu ni yako. Watu watakusema mpaka kwenye msiba wako wewe.

Tukazika. Tukakaa matanga. Siku ya tatu kulikuwa na kisomo asubuhi, halafu baada ya chakula mie nilitakiwa niwarudishe mama na wazee wenzake Temeke.

Tukaingia ndani kusoma. Tulipotoka, nikakuta gari langu liko juu ya mawe.

Tairi za mbele hazipo. Boneti limefunikwa khanga, kama maiti. Mihayo amekaa chini pembeni yake, mkono shavuni, analia kwa sauti.

"Uwiii! Bwana mkubwa umetutoka! Umeacha wajane wawili, tairi la kulia na tairi la kushoto! Nani atawatunza? Mwenyewe Mzaramo, kutwa amelala!"

Wakuu, ule msiba ulikufa kwa kicheko. Mama mdogo, yaani mjane mwenyewe, alikuwa hajafungua mdomo tangu mazishi, alijifunika uso kwa mtandio nikaona mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Mie sikucheka. Damu ilinipanda. Nikamfuata.

"Rudisha tairi zangu. Nina wazee hapa wa kuwapeleka."

"Utawapeleka. Hujasema tu wapi, Temeke au makaburini."

"Mihayo, sitanii."

Nilipotamka neno hilo, sitanii, watu wakageuka kunitazama. Mama yangu alikuwa mkekani kule na wenzake, akaita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu niko mtoto.

"Shomari! Unamkasirikia mtani? Msibani? Nani alikulea wewe?"

Nikatulia. Nikamuuliza Mihayo, kama inavyotakiwa, anataka nini ili nikomboe.

"Nataka diski mbili mpya, na pedi zake za dukani. Seti nzima."

"Za gari lako?"

"Mie gari nilitoe wapi? Za gari lako."

Mzee mmoja wa ukoo wetu akatikisa kichwa. "Huyu Mnyamwezi hata kuteka hajui. Unateka mali ya mtu halafu unamdai vitu vyake mwenyewe?"

"Ndiyo, babu," Mihayo akasema. "Kuku wenu nimewachoka, wote wembamba."

Halafu akachukua sinia la kisomo likiwa tupu, akapita nalo kwa waombolezaji. "Rambirambi ya marehemu wa pili! Tusimbague, naye ni mtu wa familia!" Na watu walitoa. Wengine kwa kucheka, lakini walitoa. Kilichopungua nilijazia mie.

Bado nilikuwa nimefura. Nikaazima baiskeli, nikaenda Gerezani jua kali. Na huko kwa ubishi wangu nikanunua pedi tu. Nilisema moyoni, diski ni chuma, chuma hakiishi. Maneno yale yale mliyomwambia yule kijana juzi.

Nikarudi, nikampa boksi. Mihayo akalifungua, akanusa pedi moja, akanisifia kwamba ni nzuri. Halafu akaniita chini ya gari.

Akaiweka ile pedi mpya bapa juu ya diski yangu. Wakuu, ile diski ilikuwa na mifereji kama bati la nyumba. Pedi imenyooka, diski ina matuta. Kati yao unaona mwanga unapita.

"Unaona? Pedi yako mpya inagusa migongo ya matuta tu. Utakanyaga, itashika robo. Na hayo matuta yataila hii pedi kabla hujaizoea. Sasa shika hapa ukingoni."

Nikashika. Ukingo ulikuwa umesimama kama mdomo wa chungu, na ndani yake diski imeliwa, imebaki nyembamba.

"Hii ikipata moto inajikunja," akasema. "Lakini ngoja, hiyo siyo ishu yangu. Ishu yangu ni hii."

Akaifungua ile diski, akaining'iniza mkononi, akaigonga kwa spana. Diski nzima ukiigonga inalia kama kengele. Hii ilisema tap. Kama unagonga kibuyu.

Akaomba mafuta ya taa jikoni, akaipaka, akasubiri, akaifuta ikakauka kabisa. Halafu akaomba unga wa ngano, ule wa maandazi ya wafiwa. Akaunyunyiza juu mpaka diski ikawa nyeupe.

Tukakaa tukiangalia. Mama yangu naye alikuwa amesogezwa na kiti chake kutazama, maana umbea pia ni dawa ya goti.

Taratibu, kwenye ule unga mweupe, ukajichora mstari. Mwembamba kama unywele. Mafuta ya taa yaliyojificha ndani ya ufa yalikuwa yanatoka na kuulowesha unga. Mstari ukatembea kutoka ukingoni ukaenda ndani, zaidi ya nusu ya sahani.

Hakuna aliyetania. Hata Mihayo hakutania.

"Ungeshuka nayo ule mteremko wa Mtoni na watu wote hawa," akasema polepole, "unakanyaga, inapata moto, inafunguka hapa. Pedi inaruka, mafuta yanamwagika, mguu wako unaenda mpaka chini hamna kitu. Na daraja liko mbele yako."

Mama akautazama ule mstari. Akanitazama mie. Kiti cha mbele ni chake.

"Kanunue," akasema. Hilo tu.

Nikarudi Gerezani, safari hii na diski mbovu ndani ya kikapu, kwa sababu magari ya aina ile yalikuja na diski za aina mbili na ukikosea haziingii. Nikaitoa nikaiweka kaunta. Mwenye duka akaigeuza geuza.

"Mzee, hii umeitoa kwenye gari au kisimani?"

"Toa mpya, acha maneno."

"Natoa, natoa. Lakini hii usiitupe, nenda nayo msikitini ukaoneshe, watu waswali zaidi."

Nilirudi na mbili mpya. Nakumbuka uzito wake kwenye kikapu, na nakumbuka nilikuwa naendesha baiskeli huku naona aibu hata ya kulitazama lile daraja la Mtoni nilipopita juu yake.

Mihayo akavua kanzu ya msibani, akabaki na bukta. Kazi ikaanza hapo hapo uani, maturubai bado yamefungwa.

Yule kijana aliyeuliza asome hapa vizuri.

Kwanza diski mpya zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu. Yasipotolewa, pedi zinayanywa na breki zinateleza. Aliziosha kwa petroli na kitambaa safi, akatukataza tusiguse uso wake kwa vidole, hata kidole cha mtu aliyetawadha. Alitoa beringi za mbele, akazisafisha, akazitia grisi mpya, akafunga diski, akaizungusha kwa mkono huku amefumba macho anasikiliza. Pistoni, zile zinazosukuma pedi, akazirudisha ndani kwa kipande cha ubao, polepole, bila kutumia nyundo. Pedi zikaingia kwa kubana kidogo, kama mtu anayevaa kiatu kipya.

Na alibadilisha pande zote mbili. Upande wa kushoto haukuwa na ufa. Nikamuuliza kwa nini tusiuache.

"Mguu mmoja ukivaa buti na mwingine ndala unatembeaje, Mzaramo?"

Akafungua mafuta ya breki ya zamani yatoke. Yalitoka rangi ya chai, na mapovu.

"Hii uliweka nini humu? Supu?"

"Sabuni," nikasema. "Zamani lakini."

"Ahsante kwa ukweli. Basi angalau ndani ni safi."

Sasa kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki. Mnaojua mnajua, ni kazi ya watu. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini anafungua na kufunga, mie nimeshika chupa na mpira. Wanaume wengine walikuwa wamekwenda kuswali. Kwenye kiti cha dereva alikuwa amekaa mama yangu, kwa sababu kilikuwa ndicho kiti laini kuliko vyote pale uani.

"Bibi," Mihayo akaita kutoka chini, "mguu wako mzima ni upi?"

"Wa kulia."

"Ndio huo huo. Kanyaga! Shikilia! Usiachie, usiachie... Achia. Tena. Kanyaga!"

Mama akakanyaga. Akashikilia. Akaachia. Wakaenda hivyo, kanyaga, shikilia, achia, jasho linamtoka, mtandio umerudi nyuma.

"Nimeolewa na waume wawili," akasema, "hakuna aliyewahi kuniamrisha hivi."

"Na hao wawili, bibi, breki zao zilikuwaje?"

"Wa kwanza hakuwa nazo. Baba yake huyu alikuwa nazo, ila za mkono."

Mihayo alicheka chini kule mpaka mafuta yakamwingia jichoni. Mie nilitazama pembeni, maana kuna mambo mtu hapaswi kuyasikia kuhusu baba yake.

Kazi ilipokwisha, na tairi zimerudi kutoka nyuma ya choo alikokuwa amezificha, pedali ilikuwa ngumu, juu, inasimama chini ya mguu kama ardhi. Miaka yote niliyokuwa na gari lile sijawahi kuikuta hivyo. Mihayo akaniambia nitoke nalo kwanza peke yangu, nizunguke mitaani, nikanyage kidogo kidogo, niache lipoe, nirudie, ili pedi na diski zizoeane. Nikafanya hivyo. Lilikuwa kimya. Nikazima redio nisikilize, hakuna kitu.

Alasiri nikawapakia wazee. Mama mbele, mguu ameunyoosha. Wengine nyuma wamebanana na mabakuli ya vyakula vya msibani. Kukomboa nimekomboa, Mihayo yuko uani ananawa, tukaagana kwa matusi ya kawaida.

Tukafika ule mteremko wa Mtoni. Wakati ule barabara ilikuwa nyembamba, haikuwa hii mnayoijua nyie.

Mbele yetu kulikuwa na mkokoteni wa magunia ya mkaa, unashuka. Upande wa pili lori linapanda. Nikasema ngoja lori lipite. Ghafla mkokoteni gurudumu likachomoka, mzigo wote ukalala katikati ya njia, na wale jamaa wawili wa mkokoteni wakawa chini, mmoja amekaa tu, miguu mbele, ametukodolea macho.

Kushoto mtaro. Kulia lori. Nyuma mteremko unatusukuma, na gari limejaa.

Nikakanyaga.

Gari likainamisha pua, likasimama. Halikwenda kushoto wala kulia. Lilisimama pale pale nilipoliambia, na yule jamaa aliyekaa chini angenyoosha mkono angegusa bampa. Nyuma nikasikia mabakuli, halafu nikasikia bibi mmoja anatoa shahada kwa sauti ndogo. Hakuna aliyeumia. Mchuzi ulimwagika, ndiyo.

Nikavuta breki ya mkono, nikazima injini.

Mama yangu alimtazama yule jamaa wa mkokoteni akiinuka na kujipangusa mkaa. Alimtazama mpaka akasimama vizuri kwa miguu yake miwili.

"Geuza gari," akasema.

"Mama, nyumbani ni huku."

"Nimesema geuza. Turudi kwa yule mtoto wa watu."

Tukasaidia kusogeza mkaa, nikageuza, tukarudi Mbagala. Wafiwa walipotuona wakatoka mbio wakidhani kumetokea msiba mwingine.

Mihayo alikuwa hajavaa hata kanzu. Nikashuka, nikamwendea, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

"Mihayo, ndugu yangu, nakushukuru sana. Mwenyezi Mungu akulipe. Bila wewe..."

Alivuta mkono wake kama ameshika jiko la moto.

"We! Nimekukosea nini?"

"Nakushukuru tu."

"Unanishukuru mimi? Nimekuwa mgeni kwako? Nimekuwa daktari wako?" Aliniuliza kwa hasira ya kweli, wakuu, hakuwa anatania. "Nilizitoa tairi zako msibani kwa haki yangu ya utani. Ukinishukuru umenifanya mwizi mwenye roho nzuri."

Wazee wakaguna. Wakaniambia kweli, Shomari, umekosea, mtani hashikwi mkono hivyo. Mie nimesimama katikati ya uwanja, nina shukrani imejaa kifuani na hakuna mlango wa kuitolea.

Mama akachungulia dirishani.

"Mtukane basi, twende zetu!"

Nikarudi hatua moja nyuma, nikapaza sauti.

"Mpagazi wee! Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani bila kupumzika, wewe umeshindwa kubeba tairi mbili, umezificha nyuma ya choo!"

Watu wakaangua kicheko. Lakini sauti yangu ilikuwa imekatika katikati, kwenye neno tairi, na machozi yalikuwa yananitoka, na Mihayo aliyaona. Akageuka upande, akajifanya anatafuta sabuni.

"Nenda kalale, Mzaramo," akasema. "Jua linazama, ngoma zenu zitaanza bila wewe."

Basi, tukaondoka.

Tuliendelea kuonana kwa miaka mingi baada ya hapo. Kila nikipita gereji yake Chang'ombe aliniita chakavu, nami nilimwita mpagazi. Nilimpelekea mpaka watani wengine wenye magari. Alizaliwa mtoto wake wa kike, nikaenda nikateka beseni la kumuogeshea, Mihayo akalikomboa kwa viazi vilivyokaushwa vya kwao. Mama yangu aliishi, aliendelea kukaa kiti cha mbele, akafa kwa ugonjwa wake kitandani kwake, amezungukwa na watu. Mihayo alikuja kwenye mazishi akamuigiza Bi Mkubwa anavyokanyaga pedali, tukacheka mpaka tukakosa nguvu za kulia. Kisha akarudi kwao bara, na simu wakati ule hazikuwa mifukoni. Sijui kama yupo. Neno la shukrani sikuwahi kulisema tena, maana kwake lilikuwa haliingii.

Kijana uliyeuliza, jibu lako ni hili. Vua tairi, pitisha ukucha juu ya diski. Ukucha ukikwama kwenye mifereji, usiweke pedi mpya juu yake. Gonga usikilize. Pima unene, badilisha pande zote mbili, osha zile mpya, toa upepo, na uzizoeshe taratibu kabla hujapakia mtoto wa mtu. Na kama gari lako linapiga kelele, zima redio.

Nyie wengine, semeni nanyi. Nani alishawahi kuzuiwa na mtu safari, akachukia, kumbe ndiyo kaokolewa?

Na kwa kuwa hapa Mihayo hanioni uso, hawezi kuuvuta mkono wake, nalisema lile lililonikaa kifuani miaka yote.

Asante, Mihayo. Kwa mama yangu, kwa wale bibi, kwa yule jamaa wa mkaa ambaye hata jina lake sikuuliza. Asante sana.

Kama kuna Mnyamwezi humu anayetaka kunijibu kwa niaba yake, ajibu kwa matusi tu. Nayapokea.